Triathloni nimefundishwa na mke wangu na watoto watatu (uzi mrefu)

#1 BabaWatatu

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita kuna kijana aliuliza humu jukwaani atawezaje kupunguza muda wa T1 bila kununua kitu chochote. Nikamwahidi uzi. Ndio huu, na ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kwa wageni: triathloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, saa haisimami. Umbali wa Olimpiki ni kilomita 1.5 kwenye maji, 40 kwenye baiskeli, 10 kwa miguu. Nusu ya hapo wanaiita sprint: mita 750, kilomita 20, kilomita 5. Halafu kuna 70.3, yaani kilomita 1.9, 90 na 21.1, ambayo jirani zetu wa Rwanda wanayo pale Rubavu tangu 2022, nami nimeshakwenda kuifanya. Sasa hilo la saa kutosimama ndilo linaloumiza watu. Ukitoka majini, ule muda unaohangaika na soksi unahesabiwa. Hiyo ndiyo T1. Ukirudisha baiskeli na kuvaa raba za kukimbilia, hiyo T2.

Mimi nina miaka 41, ni fundi wa majokofu na viyoyozi, naishi Tegeta. Watoto watatu: miaka 11, 8 na 4.

Mwaka juzi watu tisa tulijiandalia sprint yetu wenyewe Kigamboni. Majini nilitoka wa tatu. Nilipopanda baiskeli nilikuwa wa nane. Hakuna aliyenipita barabarani wala majini, walinipita nimeinama. Vitu vyote nilikuwa nimevijaza kwenye mfuko mmoja wa sandarusi. Miguu imejaa mchanga, soksi imegoma kupita kwenye kisigino, mkono wa kushoto unatafuta namba ya mashindano iko wapi. Nikakata tamaa na soksi, nikavuta baiskeli nianze kukokota, nikasikia naitwa. Helmeti! Sheria inataka iwe kichwani na kifungo kimefungwa kabla hujaigusa baiskeli. Msimamizi alikuwa rafiki yangu wa miaka mingi, lakini alinisimamisha sekunde 15 kama mwizi wa kuku, wenzangu wanapita wanacheka. Jumla nilikaa pale dakika 4 na sekunde 50.

Nikarudi nyumbani nikaanza kuperuzi bei za baiskeli nyepesi. Akili za wanaume.

Mwaka jana mwezi wa pili mke wangu akaenda masomoni Dodoma, miezi minne. Wiki hiyohiyo dada wa kazi akapata msiba kwao, hakurudi. Nikabaki mimi na jeshi langu.

Gari la shule linapita kwetu saa 12 na dakika 5 asubuhi. Linapiga honi mara mbili na halimngoji mtu. Wiki ya kwanza lilituacha mara tatu, nikawa nalipa bajaji mpaka shuleni. Nilikuwa naamka saa 10 na nusu alfajiri na bado nachelewa! Kiatu kimoja kiko uvunguni, daftari liko juu ya friji, wa pili ameshavaa viatu kabla ya suruali, tunaanza upya.

Siku ya nne mkubwa akanitazama kwa huruma, akaniambia, "Baba, mama huwa anaanza usiku."

Akanionyesha. Kila mtoto na kiti chake. Nguo zinalala kwenye kiti kwa mpangilio wa kuvaliwa, ya kwanza kuvaliwa iko juu. Soksi ziko ndani ya viatu, zimekunjwa mpaka nusu ili mtoto aingize vidole kwanza halafu avute. Viatu vimetazama mlango. Chupa ya maji iko ndani ya begi tangu usiku, hotpoti pekee ndiyo inaingia asubuhi. Na sheria ya mama yao: hakuna kugusa kitasa cha mlango kabla begi halijakaa mgongoni.

Nilikaa kwenye sofa nikacheka peke yangu saa 4 usiku. Hakuna kugusa kitasa kabla ya begi. Hakuna kugusa baiskeli kabla ya helmeti. Nimelala na kocha nyumba moja miaka 13 sijui.

Wiki ya tatu nilikuwa natoa watoto watatu kwa dakika 22, kutoka kitandani hadi barabarani, pamoja na uji. Nikahamishia kwenye taulo langu. Helmeti imelala chali juu ya usukani, mikanda imening'inia nje, miwani ya jua iko ndani yake, kwa hiyo siwezi kusahau kimojawapo. Raba zina poda ya mtoto ndani, mguu wa maji unateleza wenyewe. Mafuta ya mgando kwenye visigino na shingoni. Kamba za raba nikazitoa nikaweka lastiki, ileile ya kiunoni mwa sketi za shule, mita moja haifiki hata bei ya soda. Soksi zimekunjwa nusu.

Halafu nikafanya ambacho watoto hufanya bila kujua, yaani kurudia. Wao wanavaa sare siku tano kwa wiki. Mimi nilikuwa nafanya T1 mara moja kwa mwaka, siku ya mashindano! Nikaanza kuifanya uani kila Jumamosi, nimejimwagia ndoo ya maji kichwani, mdogo ameshika simu anahesabu, na anahesabu vibaya. Mwaka jana Kigamboni tena: dakika 1 na sekunde 52. Baiskeli ileile.

Mengine kwa kifupi, maana betri inaisha.

Chakula. Tulisafiri na basi kwenda Singida kwa bibi yao. Anayejua kusafiri na watoto anajua kwamba ukingoja mtoto alie ndipo utoe chakula, umeshachelewa, atalia nacho mdomoni. Unampa kidogokidogo tangu Kibaha wakati bado anacheka. Mimi kwenye baiskeli nilikuwa nangoja njaa. Njaa ikija kwenye kilomita ya 60 unakula na haikusaidii tena, miguu imeshazima. Sasa saa yangu inalia kila dakika 20, nisikie njaa nisisikie. Mahesabu yangu ni gramu 60 za wanga kwa saa, na ndizi moja ya wastani ina kama 25. Na mtoto humjaribishii chakula kigeni siku ya safari, sivyo? Mimi Kigamboni nilipewa jeli ya wanamichezo na mtu nikaimeza. Yaliyotokea kwenye kilomita ya 3 ya kukimbia siyaandiki hapa.

Pumzi. Huyu wa miaka minne akiogeshwa anatumbukiza uso kwenye beseni anapuliza bruuuu. Nilikuwa namkataza. Siku moja nikajiuliza mbona mimi nabana pumzi majini halafu nageuza kichwa nataka kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja? Ndiyo maana nilikuwa nachoka mita 200. Kocha mmoja aliwahi kuniambia "toa hewa majini" mara hamsini, haikuingia. Beseni liliingia. Nikiwa naogelea sasa, kichwani nasikia bruuuu.

Miguu ya magogo. Mnaijua ile, ukishuka kwenye baiskeli miguu si yako. Chekechea ya mdogo ni kilomita 3 kutoka kwetu. Asubuhi nampeleka kwa baiskeli, naiacha kwa mlinzi, narudi nyumbani nakimbia. Mchana nakwenda nakimbia, narudi naye kwa baiskeli. Siku tatu kwa wiki, miezi minne. Hakuna siku niliyomuaga mtu kwamba "naenda mazoezini".

Nawasilisha.

#2 JogooLaShamba

Chai hii, mkuu 😂 Yaani kuvalisha soksi ndio mazoezi? Wenzako wanapiga kilomita 250 za baiskeli kwa wiki, wewe unapuliza beseni.

#3 BabaWatatu

Jogoo, kilomita sijazifuta. Moyo na mapafu havijengwi na sare za shule, hilo tukubaliane. Lakini fanya hesabu ya fundi: kutoa dakika moja kwenye kilomita 5 zangu kulinichukua karibu mwaka mzima. Dakika tatu za T1 nilizitoa sebuleni kwangu kwa wiki tatu. Ni wapi utaanza?

#4 KeriaYaNyuma

Uzi mzuri. Niongezee la kwetu Shinyanga.

Huku baiskeli ni daladala, mtu anakaa nyuma kwenye keria unampeleka stendi. Mimi nimeifanya miaka sita kabla sijapata kazi nyingine, na hadi leo nabeba wanangu wawili kwenda kanisani. Nilipokuja kuanza hizi mbio za baiskeli za mjini nikashangaa vijana wenye baiskeli za mamilioni hawajui kukata kona.

Ukiwa na mtoto nyuma, huwezi kushika breki katikati ya kona. Ukishika, baiskeli inanyooka inatoka nje, na mtoto anatupwa upande. Kwa hiyo unajifunza kupunguza mwendo KABLA ya kona, halafu unaiacha izunguke yenyewe. Mguu wa nje unakuwa chini, umekandamiza pedali. Macho yanatazama unakotaka kutokea, siyo shimo. Ukitazama shimo utaingia shimoni, sijawahi kuona likikosea.

Na jingine: huwezi kukanyaga kwa hasira. Ukikanyaga kwa nguvu na kuachia, abiria anayumba kama gunia. Unazoea kuzungusha miguu laini, gia nyepesi, mwendo mmoja. Siku ninayotoa keria na mtoto nyuma, baiskeli inapaa.

#5 MamaZamu

Baba Watatu, shikamoo yako nimeipokea 😄

Nimesoma mpaka mwisho na nina swali moja tu. Hayo yote mama watoto alikuwa akiyafanya miaka 11 bila uzi. Ulipokuwa unaenda kuogelea alfajiri, nani alikuwa anatafuta kiatu uvunguni?

Siulizi kwa ubaya. Mume wangu naye ni wa haohao. Jumapili anaondoka saa 11 alfajiri na baiskeli yake, anarudi saa 4 na nusu anaulizia supu. Akishakunywa supu anahitaji kupumzika maana "miguu imechoka". Jumamosi ni kukimbia umbali mrefu. Jumatano ni bwawa. Watoto wanajua baba yao ana medali ngapi, hawajui anapika nini.

Mnaposema humu "familia imeniunga mkono", sisi familia tunasoma.

#6 BabaWatatu

Mama Zamu, hapo umenishika na sina pa kutokea.

Jibu la swali lako ni yeye. Miaka yote hiyo ni yeye. Nilipompigia Dodoma kumwambia nimegundua siri ya viti na soksi, alinyamaza kidogo halafu akauliza, "Umegundua?" Basi.

Ndiyo maana nimesema nilijifunza nilipobaki peke yangu. Miaka kumi nilikuwa naishi humohumo ndani na sikujifunza kitu, kwa sababu nilikuwa nakuta watoto wameshavaa.

#7 JogooLaShamba

Mama Zamu kaua 🙌

#8 KipondaMuscat

Assalaam aleikum jamaa zangu. Mie ni mtu wa Unguja, nipo huku Muscat mwaka wa kumi na tano.

Mwaka 2019 walipoileta 70.3 hapa Muscat, mie na wanangu wawili tulikwenda kugawa maji njiani. Sikuwa nimewahi kuona mchezo huo. Basi tukasimama na meza yetu, na wanangu ndio waliokuwa mahodari, maana nyumbani wamezoea kunipokeza gilasi bila kumwaga, la sivyo busati la bibi yao linaroa na kelele zake mnazijua nyie mlio na bibi.

Nikaona watu wazima, wanaume wenye vifua, wanapokea gilasi ya karatasi huku wanakimbia, nusu inaingia puani! Mwanangu akasema, "Mama, mbona hawaibani?" Kweli. Gilasi ya karatasi ukiibana mdomo wake kwa vidole viwili inakuwa kama mdomo wa birika, unakunywa kwa upande funda mojamoja. Ndivyo ninavyowanywesha dawa wakiumwa, kwa upande wa shavu, kidogokidogo, ili wasipaliwe.

Mwaka uliofuata nikaanza kukimbia mwenyewe. Sijafika kwenye triathloni bado, kuogelea naogelea tangu Forodhani utotoni, baiskeli ndiyo inanitisha. Lakini kunywa maji mbioni, wallahi, hanipati mtu.

#9 BabaWatatu

Bi Kiponda, hiyo ya birika naiiba.

#10 MwanaNyali

Salamu kutoka Mombasa. Nimependa hiyo ya beseni, mimi pia nilikuwa nabana pumzi hadi macho yanatoka.

Mimi shida yangu ni baharini. Kwenye bwawa la hoteli niko sawa. Nikiingia Nyali beach, dakika tano naangalia najipata naelekea Malindi. Unaogeleaje moja kwa moja na hakuna mstari chini? Na wewe umejifunza nini kutoka kwa watoto hapo, ama hapo hawasaidii?

#11 BabaWatatu

Mwana Nyali, wanasaidia.

Jumapili ukiwa Coco Beach na watoto watatu majini, huwezi kuwatazama muda wote, shingo itakatika, na mihogo itapoa. Huwezi pia kuacha kuwatazama. Unachofanya bila kufikiri ni kuinua macho, kuhesabu vichwa, moja mbili tatu, kurudi kwenye mihogo. Kila baada ya muda mfupi. Hukai unawakodolea.

Majini ni vilevile. Kila mikono sita au minane unainua macho tu, siyo kichwa kizima, kama mamba anavyofanya. Ukiinua kichwa kizima miguu inazama na unasimama. Macho yanatoka, unaona boya au hulioni, unarudi, halafu ndipo unageuka pembeni kuvuta hewa kama kawaida. Usijaribu kuvuta hewa ukiwa unatazama mbele, utakunywa chumvi. Na ukilikosa boya mara moja usihangaike, litafute kwenye zamu inayofuata.

Pia kabla hujaingia majini chagua kitu kikubwa ufukweni nyuma ya boya: mnazi mrefu, mnara wa simu, hoteli. Boya ni dogo na mawimbi yanalificha. Mnara haujifichi.

#12 MamaZamu

Na mkifika kwenye kundi, mshike upindo.

Namaanisha hivi. Ukiingia Kariakoo na watoto siku ya sikukuu, unamwambia mdogo ashike upindo wa kanga yako asiachie. Wewe ndiye unayekata watu, yeye anapita kwenye nafasi uliyofungua, hasukumwi. Mume wangu ananisimulia kwamba majini kuna kuogelea nyuma ya miguu ya mwenzako, unavutwa na maji yake na unachoka kidogo. Nikamwambia hiyo ni Kariakoo.

#13 BabaWatatu

Ndiyo hiyohiyo. Na kwenye maji inaruhusiwa. Kwenye baiskeli kwa sisi wa kawaida hairuhusiwi kujificha nyuma ya mtu, unaacha nafasi au unapita, la sivyo adhabu. Mama Zamu, mbona wewe unaujua mchezo?

#14 MamaZamu

Nimeosha jezi zake miaka mitano. Nitaacha kuujua?

#15 NyotaYaAlfajiri

Mimi nina kichanga cha miezi mitatu na nataka kurudi kwenye mazoezi. Nimekuwa nikijiambia kuamka kila saa mbili usiku kunyonyesha ni mazoezi ya ustahimilivu, kama watu wa mbio ndefu za usiku. Niko sahihi?

#16 MuuguziWaUsiku

Hapana mdogo wangu, hapo simama kidogo.

Naona uzi unapendeza na kila mtu analeta ujuzi wa nyumbani. Lakini kukosa usingizi si ujuzi. Mwili haujifunzi kutolala. Mazoezi yanauchosha mwili, usingizi ndio unaoujenga. Ukikosa, unakuwa mzito kufanya maamuzi, njaa inakwenda ovyo, mafua hayakuachi. Nimefanya zamu za usiku miaka 12, hakuna asubuhi hata moja niliyotoka nikiwa na nguvu zaidi.

Kuhusu kurudi: wataalamu wengi wa viungo wanashauri mama asianze kukimbia kabla ya wiki 12 baada ya kujifungua, na wiki 12 siyo bunduki ya kuanzia mbio. Misuli ya nyonga na tumbo ipimwe kwanza, zaidi kama ulifanyiwa upasuaji. Ukisikia mkojo unaponyoka, uzito sehemu za chini, au maumivu, hiyo ni taarifa, usiivumilie kwa sifa. Anza na kutembea, kila siku ongeza kidogo. Na mtoto akilala mchana, lala. Vyombo vitaoshwa.

#17 BabaWatatu

Naunga mkono kwa ushahidi. Mdogo wetu alipokuwa na miezi miwili alikuwa halali, na mimi nilikuwa najifanya mgumu, naondoka saa 11 alfajiri kwa baiskeli. Asubuhi moja barabara ya Bagamoyo nilisinzia juu ya siti. Si utani. Nilifumbua macho nikiwa nimeshikilia ubavu wa bajaji, dereva ananiuliza kama nina akili timamu. Abiria wake akashuka akanipa maji. Nilirudi nyumbani nakokota.

#18 MwalimuWaZamu

Kwa Nyota ya Alfajiri na wengine wanaodhani ukizaa ndio basi: mtafuteni Nicola Spirig wa Uswisi. Olimpiki ya London 2012 alichukua dhahabu ya triathloni kwa picha ya mstari wa mwisho, yeye na Lisa Nordén wa Sweden walikuwa na muda uleule kwenye saa. Mwaka uliofuata akazaa mtoto wa kwanza. Rio 2016 akarudi na kuchukua fedha. Akaongeza watoto wawili. Mashindano ya Tokyo, yaliyofanyika 2021, akiwa na miaka 39 na mama wa watatu, akamaliza wa sita. Ilikuwa Olimpiki yake ya tano.

#19 MamaZamu

Mwalimu, namheshimu dada huyo kwa moyo wote. Ila kila nikisoma habari za mama bingwa nauliza: asubuhi ile anafanya kilomita zake, mtoto yuko na nani? Kuna mtu. Akina baba humu wakiulizwa wanasema "nimepata muda". Muda haupatikani, mwenzako kakupa wake.

#20 MuuguziWaUsiku

👏🏾

#21 KijanaWaT1

Mimi ndiye niliyeuliza swali la kwanza. Asante mkuu, nimesoma mara mbili. Rubavu uliendaje? Nataka kwenda lakini sina mtoto, sijui nitajifunzia wapi 😂

#22 BabaWatatu

Haha, azima wa dada yako.

Rubavu nilikwenda kwa basi, Dar hadi Kigali kupitia Rusumo, baiskeli imefunguliwa iko ndani ya boksi la friji. Faida ya ufundi wangu, maboksi sinunui. Kutoka Kigali nikapanda tena hadi Rubavu, wenye umri wangu wataijua kama Gisenyi, mji uko ukingoni mwa Ziwa Kivu na ng'ambo ya mpaka ni Goma.

Mambo mawili kwa mtu wa pwani. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mita mia za kwanza nilidhani ninaumwa, pumzi haitoshi. Nikasikia kifua kinataka kupaniki. Hapo nikafanya kile ninachofanya mdogo akiangua kilio katikati ya duka: simfokei, simburuzi, nachuchumaa nangoja. Nikageuka chali, nikahesabu pumzi ishirini, boti ya waokoaji ikanijia nikawaonyesha dole gumba. Nikageuka tena, bruuuu. Watu mia wakanipita, na ilikuwa sawa.

La pili ni milima. Rwanda hawadanganyi wakisema vilima elfu. Kwenye kukwea nilikuwa namkumbuka Keria ya Nyuma bila kumjua: gia nyepesi, mwendo mmoja, mtoto amelala nyuma usimwamshe. Kushuka ndiko kulinitisha, breki kabla ya kona, kabla ya kona, kabla ya kona. Pancha moja. Tyubu nilibadilisha huku watoto watano wa kijijini wamenizunguka wanatoa maoni kwa Kinyarwanda, nikajisikia nyumbani.

Nilimaliza kwa saa 7 na dakika 20. T2 yangu ilikuwa nzuri kuliko ya watu wengi walionizidi saa nzima. Mke wangu alikuwa mstarini na watoto. Medali akaishika akaipindua, akasema nzuri, halafu akaniuliza taulo la hoteli nimeliacha wapi.

#23 MamaZamu

Mrejesho unakuja. Nimemwonyesha mume wangu uzi huu. Amesoma kimya, amesema "kumbe". Kesho asubuhi zamu ni yake, watoto wawili, mimi nimelala mpaka saa 1. Gari la shule ni saa 12 na robo.

#24 JogooLaShamba

Nimekaa paleee na popkoni.

#25 MwanaNyali

Tuko hapa, tunangoja.

#26 MamaZamu

Mrejesho.

Dakika 58. Gari limepiga honi mara tatu, kwa huruma, likaondoka. Amewapeleka kwa bodaboda, mmoja ana soksi nyeupe na nyeusi. Hotpoti zote mbili ziko hapa mezani, nazitazama. Amerudi amekaa kwenye kochi anasema hiyo ilikuwa ngumu kuliko kilomita 90.

Anauliza kama kesho anaweza kurudia.

#27 BabaWatatu

Mwambie aanze usiku. Na soksi zilale ndani ya viatu.